Usimuulize Anaogopa Nini

(Hotuba kwa wanafunzi wa sheria, mawakili na wasaidizi wa kisheria, Kigoma. Imenakiliwa kutoka kwenye kinasa sauti, kisha mzungumzaji akaipitia.)

Ndugu mwenyekiti, mawakili wenzangu, wasaidizi wa kisheria mliotoka Kasulu, Kibondo na Kakonko kwa mabasi ya alfajiri, na ninyi wanafunzi mliojazana huko nyuma kana kwamba viti vya mbele vina kunguni: itifaki imezingatiwa. Nimeombwa nizungumzie kufundisha sheria ya wakimbizi, uhamiaji na haki za binadamu baada ya kuifanyia kazi kambini miaka 14. Nimepewa dakika 40. Mwenyekiti ndiye mwenye saa.

Nianze na faili moja, maana hata darasani huanza nalo.

Wengi wenu mnaikumbuka Mei 2015. Warundi walikuwa wanamiminika Kagunga, kijiji kile kilichobanwa kati ya mlima na ziwa. MV Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikawa inawasomba kuwaleta Kigoma mjini. Wakalazwa Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha wakapandishwa mabasi hadi kambi ya Nyarugusu. Kipindupindu kilikuwa kimeshaingia. Siku zile hakuna aliyekalishwa mezani akaulizwa kwa nini amekimbia. Walipokelewa kwa mkumbo: wewe ni Mrundi, umevuka kwa sababu ya yanayotokea kwenu, basi ni mkimbizi, andikisha jina, pokea kadi ya posho, nenda kwenye hema lako. Januari 2017 utaratibu huo ukafutwa. Kuanzia hapo kila Mrundi aliyevuka alihojiwa peke yake, akaeleza kisa chake, kamati ikaamua. Ndipo meza ilipoingia katikati.

Mwaka huohuo, wakati wa masika, kazi yangu ilikuwa kukaa na mwomba hifadhi kabla hajaitwa kuhojiwa. Namsikiliza, naandika maelezo yake, anasaini, yanaingia kwenye faili. Akaja mwanamume wa makamo, mkulima wa ndizi. Chumba chetu kilikuwa banda la mbao lenye bati jipya. Mvua ikianza, bati lile hupiga kelele mpaka mnabaki kutazamana tu. Tulitazamana mara mbili asubuhi ile. Alikuwa amevua kofia ameipakata gotini, na kila mvua ikipiga anaizungusha kwa vidole, polepole, kama mtu anayetafuta mshono ulipoanzia.

Mimi ni Muha wa Kasulu. Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo sikuita mkalimani. Nilijiona nimejitosheleza. Alinieleza vizuri, kwa mpangilio: vijana waliokuwa wanapita nyumba kwa nyumba usiku, majirani wawili waliochukuliwa, mmoja akarudi, mwingine hakuonekana tena, mbuzi aliowaacha wamefungwa kambani. Nikafika kwenye swali ambalo chuoni nilifundishwa kwamba ndilo moyo wa kesi. Nikamuuliza, "Ukirudishwa leo, unaogopa nini?"

Akanyoosha mgongo. "Siogopi, mama. Mimi namwogopa Mungu peke yake."

Nikaandika: haogopi chochote ila Mungu. Nikamsogezea karatasi, akaweka dole gumba.

Jibu lilikuja baada ya wiki kadhaa. Amekataliwa. Sababu ilikuwa fupi na ilitoka ukurasa wangu wa tatu: mwombaji mwenyewe ameeleza kwamba hana hofu.

Sasa wanafunzi, kalamu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu wakimbizi, wa mwaka 1951, unamtaka mkimbizi awe na hofu yenye msingi ya kuteswa kwa sababu ya rangi yake, dini, utaifa, kundi lake la kijamii au msimamo wake wa kisiasa. Ulitungwa na watu waliotoka kwenye vita ya Ulaya, na mwanzoni ulihusu matukio ya kabla ya Januari 1, 1951 tu. Itifaki ya 1967 ndiyo iliyouondolea ukomo huo. Halafu Septemba 10, 1969, huko Addis Ababa, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukapitisha mkataba wake. Ukaichukua maana ile ya 1951 nzima, kisha ukaongeza aya ya pili katika kifungu cha kwanza. Aya hiyo inasema mkimbizi ni pia mtu aliyelazimika kuondoka anakoishi kwa sababu ya uvamizi kutoka nje, nchi kukaliwa, kutawaliwa na wageni, au matukio yanayovuruga vibaya utulivu wa umma, katika sehemu ya nchi yake au nchi nzima. Litafuteni neno hofu katika aya ile. Halimo. Kilichomo ni kulazimika.

Na Sheria yetu ya Wakimbizi ya mwaka 1998, kifungu cha 4, imebeba maana zote mbili. Mzee yule alikuwa na milango miwili. Mimi nikamsimamisha kwenye mmoja, nikamuuliza swali ambalo mwanamume wa rika lake hawezi kulijibu mbele ya mwanamke aliyeshika kalamu, na ule wa pili sikuugusa. Kama ningemuuliza nini kilimlazimu kuondoka, alikuwa ameshalijibu kabla sijauliza. Jirani hakurudi. Mbuzi wamebaki kambani. Mtu wa kijijini haachi mbuzi wamefungwa kambani.

Kiswahili chetu kina hofu na kina woga, na mtu mzima akisikia moja hudhani umemtajia nyingine. Methali inamsifu kunguru mwoga kwamba hukimbiza ubawa wake, lakini sijapata kukutana na mtu anayejitambulisha kuwa ndiye kunguru. Wanawake niliowahoji walikuwa wanasema wanaogopa bila taabu. Wanaume wengi, hasa wazee, walisema hapana. Wakati mwingine faili la mke lilipita na la mume likakwama, nyumba moja, usiku mmoja, vijana walewale mlangoni.

Nikaandika maombi ya mapitio, safari hii kurasa saba. Nikazipeleka mwenyewe zoni kwake kambini ili nimsomee kabla hajaweka dole. Turubai lilikuwa limeshavuliwa, zimebaki nguzo na ukuta wa matofali ya udongo unaofika kiunoni. Jirani akaniambia ameondoka siku tatu zilizopita. Nikauliza ameelekea wapi. Akaonyesha kwa kidevu, upande wa magharibi. Sikupata habari zake tena.

Ndiyo sababu ya mimi kwenda kufundisha, kama mnataka kujua. Watu hudhani nilichoka na vumbi la Kibondo. Vumbi nililizoea.

Chuoni niliingia mwaka 2019, nikafanya makosa mawili, moja kila muhula. Muhula wa kwanza nilifundisha kama nilivyofundishwa: kifungu cha 1, kifungu cha 31, kifungu cha 33 kinachokataza kumrudisha mkimbizi kwenye hatari, na Mkataba wa 1969 unaokwenda mbele zaidi kwa kutaja wazi hata kumkatalia mtu mpakani. Vyote sahihi. Wanafunzi walisinzia kwa adabu. Muhula wa pili nikageuka msimulizi. Nikawapa Kagunga, nikawapa Rusumo ya mwisho wa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 wakivuka daraja kwa muda wa kama saa 24. Ukumbi ukajaa. Wakaja hata wanafunzi wa uhandisi, wakasimama mlangoni. Wasichana wawili walilia siku moja, nikaenda nyumbani najisikia mwalimu bora. Kisha nikasahihisha mtihani. Zaidi ya nusu ya darasa waliandika kwamba mkimbizi ni mtu aliyepitia mateso makubwa na anastahili huruma. Huruma! Hakuna kifungu, hakuna sababu zile tano, hakuna kulazimika. Msiba wa watu nilikuwa nimeufanya burudani ya Alhamisi mchana, na sheria yenyewe haikuingia kichwani mwa mtu.

Tangu hapo faili la mzee wa kofia nalitumia kwa kipimo. Wanafunzi wanasoma nakala niliyoiandika upya, kila kinachoweza kumtambulisha nimekibadili, na nawaambia hivyo tangu mwanzo. Wakishaisoma siwaulizi wamejisikiaje. Nawauliza: onyesha mstari ambapo kesi ilikufa. Wengi huonyesha uamuzi wa kamati. Huchukua kama nusu saa kabla mmoja hajarudi ukurasa wa tatu na kusema, kwa kusitasita, kwamba labda ni hapa alipoandika wakili.

Zoezi la pili ndilo mnalolisikia likisemwa vibaya kwenye korido. Namtuma kila mwanafunzi amhoji bibi au babu yake, au mzee yeyote wa jamaa, jinsi alivyohamia anapoishi sasa. Maswali ni yaleyale ya kambini: uliondoka tarehe ngapi, saa ngapi, mlikuwa wangapi, mlipita njia gani, mlilala wapi. Waandike. Wiki mbili baadaye warudi wakaulize upya, bila kumkumbusha alichosema mwanzo. Wazee wengi wa bara walihamishwa na Operesheni Vijiji miaka ya sabini, kwa hiyo kuhama wanakujua vizuri. Majibu hayajawahi kulingana hata mara moja. Bibi wa kwanza anasema walikuwa sita, mara ya pili wanane. Tarehe ni mwaka wa unga wa njano. Njia waliyopita imebadilika, mto umehama upande. Baada ya hapo namwambia mwanafunzi aandike barua rasmi ya kumkataa bibi yake kwa kuwa maelezo yake yanapingana na hivyo si wa kuaminika. Kuna kijana alikataa kabisa kuiandika. Akasema, "Mwalimu, bibi yangu si mwongo." Nikampa alama zote.

Wasaidizi wa kisheria, ninyi hili mnalijua kwa macho. Niwape mawili tu ya kwangu. Mama mmoja wa Kikongo alisema kijiji chao kilishambuliwa saa nane usiku. Mkalimani, kijana wa hapahapa, akaiandika saa nane usiku, na faili likaenda kwa Kiingereza likiwa na saa ya usiku wa manane kupita. Mahojiano ya pili mama akaeleza kwamba bunduki zilianza watoto wakiwa wanakula. Watoto gani wanakula ugali saa nane za usiku? Akaonekana mwongo. Kumbe yule mama alisoma kwa Kifaransa, na kwao saa nane ni ile ya nane ya mshale wa saa, yaani saa mbili yetu ya usiku. Wote wawili walisema Kiswahili. Wote wawili walikuwa sahihi. Nimeona pia mtu aliyeulizwa baba yake alikufa lini, akasema 1993, kisha akaeleza kwamba baba yake alimvusha mpaka 1996. Ofisa akapiga mstari mwekundu. Huyo aliyemvusha ni baba mdogo. Kwenye fomu hakuna kisanduku cha baba mdogo, wala cha mtoto wa marehemu dada yako ambaye kwako ni mwanao kabisa, humwiti mpwa mpaka siku unapojaza fomu.

Katika madarasa mengine ya sheria, ukweli wa kesi huja umeshaandaliwa: "A alimuuzia B shamba." Kwetu huku ukweli huo ndio unaotengenezwa, na anayeutengeneza ni mtu mwenye kalamu, mara nyingi kijana, mara nyingi ana njaa, ana wengine ishirini wanaosubiri nje. Faili likishaharibika pale, hata upate jaji wa namna gani huko juu, yeye anasoma karatasi.

Uongozi wa chuo, niseme hili kwa upole, haukufurahi. Niliulizwa nitasahihishaje kusikiliza. Ni swali la haki. Nikajibu kwamba nasahihisha maelezo yaliyoandikwa dhidi ya kinasa sauti, neno kwa neno: mwanafunzi ameongeza nini, ameacha nini, ametafsiri nini bila kuruhusiwa. Ni kazi ngumu kuliko kusahihisha insha. Mwaka wa kwanza nilikaa hadi saa sita usiku wiki tatu mfululizo na vipokea sauti masikioni, nasikiliza mabibi wa Tanzania nzima. Najua sasa jinsi ya kukausha dagaa kwa namna nne.

Kwenye uhamiaji na uraia zoezi ni lingine, na hapo darasa hugawanyika. Nawaambia: thibitisheni hapahapa kwamba ninyi ni Watanzania. Wanatoa kitambulisho cha NIDA. Nasema hicho nakitilia shaka. Cheti cha kuzaliwa cha baba? Wachache wanacho. Cha babu? Hakuna. Wanafunzi wa kutoka Kilimanjaro hucheka. Wa Kigoma na Kagera hawacheki. Mwaka mmoja, tayari nikiwa wakili, niliteremshwa kwenye basi njiani. Kijana mmoja mwenye sare akanisikiliza lafudhi, akaniambia nihesabu moja mpaka kumi kwa Kiswahili. Kitambulisho changu cha uwakili kilikuwa kwenye begi, begi lilikuwa ndani ya buti. Nikahesabu. Nina shahada ya sheria za nchi hii, nikahesabu moja mpaka kumi kando ya barabara, abiria wakichungulia madirishani.

Baada ya kisa hicho ndipo tunaposoma uamuzi wa Machi 22, 2018 wa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha. Mlalamikaji alikuwa na hati ya kusafiria ya Tanzania, ikachukuliwa, akaambiwa si raia, akapelekwa Kenya. Kenya nayo ikasema si wetu, ikamrudisha. Akabaki anaishi katikati ya mipaka, mahali ambapo si huku wala kule. Mahakama ilikuta kwamba alinyang'anywa uraia kiholela na kufukuzwa kiholela. Lakini ninachotaka wanafunzi wakishike ni kanuni ya mzigo wa ushahidi: mtu aliyekuwa anatambuliwa kuwa raia, akiwa na nyaraka za serikali yenyewe, hapaswi kuanza upya kujithibitisha; anayedai kwamba si raia ndiye alete ushahidi. Nilifundisha uamuzi ule mara moja tu nikiwa na raha kamili. Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kufungua mashauri moja kwa moja katika mahakama hiyo. Jengo liko Arusha, unaweza kulipita ukienda sokoni.

Kuna mwaka nilipata kijana wa Mishamo, moja ya makazi ya zamani ya wakimbizi. Muhula mzima hakunyanyua mkono. Siku ya kufundisha uraia wa kuandikishwa nikasema, kwa fahari kidogo, kwamba Tanzania iliwapa uraia Warundi waliokimbia mwaka 1972, zaidi ya watu 160,000, jambo ambalo ni nadra duniani. Akanyoosha mkono. Akauliza kwa sauti ndogo: "Walipewa mwaka gani, mwalimu?" Nikasema 2010. "Waliidhinishwa 2010," akasema. "Vyeti vilikabidhiwa 2014." Darasa likanyamaza. Katikati hapo wazee wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu walikuwa wametakiwa kuukana uraia wa Burundi, na cheti cha Tanzania wakaambiwa wangekipata baada ya kuhamia mikoa mingine, kuhama kwenyewe kukasimama. Nikaliuliza darasa mbele ya kijana yule: miaka ile minne, watu hawa walikuwa raia wa wapi? Tulibishana hadi kipindi cha wenzetu kikaingia. Yeye hakusema tena kitu, alikuwa anaandika. Swali hilo sasa hulitoa kwenye mtihani kila mwaka, na sijaona majibu mawili yanayofanana.

Nipite haraka kwenye neno haramu, kwa kuwa mwenyekiti ameanza kutazama saa. Darasani kwangu hatusemi mhamiaji haramu. Haramu ni nguruwe kwa Mwislamu, ni mali ya wizi. Mtu anakosa kibali. Tena kifungu cha 31 cha Mkataba wa 1951 kinakataza kumwadhibu mkimbizi kwa kuingia bila kibali iwapo ametoka moja kwa moja kwenye hatari, akajitokeza bila kuchelewa na kutoa sababu nzuri. Wanahabari mliopo, najua "asiye na kibali" itawala herufi nyingi zaidi kwenye kichwa cha habari. Mtatusamehe.

Kwa wasaidizi wa kisheria nina neno la kazi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua, na mwaka 2021 Bunge likakifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Basi andikeni maelezo kwa Kiswahili kama mtu alivyosema. Nimeona maelezo ya mama asiyejua kusoma yameandikwa kwa Kiingereza cha vitabuni, chini kuna dole gumba lake. Lile dole linathibitisha nini? Andika, kisha msomee kwa sauti, polepole, na ukifika mahali anakunja uso, simama hapohapo. Kwenye kukunja uso ndipo penye kesi. Na ukimhoji Mkongo, muulize jua lilikuwa wapi, saa mwachie.

Watendaji wa vijiji hawapo hapa leo, na wao ndio ningependa wawepo zaidi ya mawakili. Sheria ya 1998 inamtaja mtendaji wa kijiji kwa cheo chake: aliyeingia nchini kuomba hifadhi ana siku saba za kujitokeza kwa ofisa aliyeidhinishwa, kwa mtendaji wa kijiji aliye karibu au kwa mlinzi wa amani wa mahakama. Mtu anavuka usiku, ana mtoto mgongoni, asubuhi anafika kwenye ofisi yenye bendera. Yule aliyekaa pale, ambaye jana yake alikuwa anaamua ugomvi wa mpaka wa shamba, ndiye Mkataba wa 1951 mzima kwa asubuhi ile. Kila likizo najaribu kwenda kwenye vijiji viwili vitatu vya mpakani, na wanafunzi watatu au wanne, kwa nauli zetu. Tunakaa chini ya mwembe na watendaji, tunafanya igizo. Mtendaji mmoja aliwahi kuniambia kwamba miaka yote alikuwa anauliza swali moja tu: unarudi lini?

Namalizia, mwenyekiti, nimeiona kalamu yako.

Zoezi la bibi sikuwa nimelifanya mimi mwenyewe. Mwanafunzi mmoja alinibana: mwalimu, na wewe je? Basi Desemba nilipokwenda nyumbani Kasulu nikamhoji mama. Mimi nilizaliwa 1973, nilikuwa mgongoni kwake walipohamishiwa kijiji cha ujamaa. Nilimhoji mara mbili, siku ya pili ya kufika na siku ya kuondoka. Alichambua maharage muda wote, hakuniangalia usoni. Siku ya kwanza walikuwa wanne na waliondoka alfajiri. Siku ya kuondoka kwangu walikuwa saba na ilikuwa jioni. Sikumsahihisha. Nikaangalia daftari langu, na kwa mazoea tu, mkono wenyewe ukaenda, nikamuuliza swali lile.

"Mama, siku ile uliogopa?"

Akaacha maharage. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyesomeshwa kwa gharama kubwa.

"Niogope nini, mwanangu? Nyumba ilikuwa imeshaezuliwa."

Asanteni.